Ngoma Iliyoita Kutoka Shimoni

Watoto wa laini walilelewa kwa neno moja: nyamaza. Laini ni zile nyumba za wafanyakazi wa mgodi, chumba kimoja kimoja, zimepangwa mstari chini ya mabati, na ndani ya vyumba vingi alikuwamo mwanamume aliyetoka shimoni alfajiri na kutakiwa kulala mpaka jua lipinduke. Mtoto akilia, nyamaza. Akicheka, nyamaza, baba yako amelala. Mwisho mama anachoka, anawatoa wote nje na kufunga mlango, na huko nje hakuna shamba lao, hakuna ng'ombe wao, wala shule ya karibu. Kuna jua tu, na kuku wa watu.

Kuku wenyewe walikuwa wangu. Mimi naitwa Mwanaima, mtu wa Tabora. Nilifika upande huu wa Geita na marehemu mume wangu wakati wa vita ya Hitler, na yeye alipozikwa nikabaki, nikajenga kibanda pembeni mwa laini, nikawauzia chai na maandazi watu wa zamu. Nasema mapema ili msije mkanisifu bure: sikuwa mama huruma. Mwizi kwangu ni mwizi, awe na ndevu au awe ananyonya. Mwaka ule wa hamsini na moja majogoo wangu wawili na tetea mmoja walikwisha kuliwa vichakani, manyoya niliyaona, na kila mtu alijua kiongozi wa msafara ni Donatus, mtoto wa Herman na Paskalina, Wafipa wa chumba cha mwisho. Alikuwa kijana wa miaka kama kumi na minne, mrefu, mwembamba, na macho ya mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Ukimkemea hakujibu. Kunyamaza alikuwa amefundishwa vizuri.

Sasa niwaeleze habari ya ngoma. Ng'ambo ya barabara kilikuwa kijiji cha Wasukuma, na vijana wa pale walikuwa na kikosi cha kulima pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kiongozi wao waliita nsumba ntale, mkubwa wa vijana. Wakati ule alikuwa Makoye, mtu wa miraba minne mwenye sauti ndogo kama ya bibi harusi. Msimu wa kulima, kabla jua halijatoka, Makoye alipita njia ya mgongoni mwa kilima akiipiga ngoma aliyoachiwa na babu yake, na kila mji ulikuwa na mdundo wake. Mdundo ule ulikuwa maneno. Kwa mzee Maige ulisema, Maige, ng'ombe wameamka, wewe bado. Kwa mjane mmoja wa bondeni ulisema, Njoo, mama, hulimi peke yako. Mji ukiitwa, mlango unafunguka, kijana anatoka na jembe begani, anafuata. Hata mvivu alitoka, maana nani angekubali kijiji kizima kisikie ameitwa mara ya pili? Namjua kijana mmoja aliyekuwa ameanza kuonjeshwa wizi wa ng'ombe akaacha kwa sababu hiyo tu. Huwezi kuzurura usiku halafu ukaitikia ngoma alfajiri.

Njia ile ilipita nyuma ya laini, na hapo ngoma ilinyamaza. Si kwa ubaya. Watu wa laini hawakuwa na mji wala shamba, waliandikwa mgodini leo na kesho wangeweza kuhama, basi ngoma haikuwa na neno la kuwaambia. Ilipita kimya nyuma yao, ikapita kimya mbele ya kibanda changu pia, halafu ikaanza tena ikishavuka kijito. Mimi sikujali. Mtu wa Tabora hahitaji ngoma ya kumwamsha.

Msimu ule mzee Maige, ambaye ndiye aliyekuwa mwanangwa, yaani jumbe wa kijiji, alinipa kipande cha ardhi nipande pamba. Pamba ikaota, na majani yakaota kuizidi. Nikaenda kwa Makoye kuomba kikosi, akakubali, nami nikachinja mbuzi na kupika wali kama desturi ilivyotaka. Asubuhi ya siku yenyewe vijana walikuja na majembe yao, lakini ngoma hawakuwa nayo. Ilikuwa imeibwa ghalani kwa Makoye. Wakakaa pembeni mwa shamba kama watu waliokuja matangani.

"Limeni basi," nikawaambia. "Mikono si mnayo?"

Makoye alinitazama kwa upole, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, kwetu mahali watu wanapochimba kimya ni kaburini tu. Tukikulimia kimya tutakuwa tumekuzika."

"Basi imbeni."

"Wimbo bila ngoma utamfuata nani?"

Hawakulima. Na wali hawakuugusa vilevile, kwa kuwa hawakuwa wameufanyia kazi, na mbuzi mzima akanilalia. Nilirudi nyumbani na hasira ya kuchemsha chai bila kuni.

Aliyeonekana alfajiri ile karibu na ghala ni Donatus. Alipoulizwa, alinyamaza. Tarishi wa mwanangwa alipomzaba kofi, alinyamaza. Mzee Maige akakata neno: siku ya gulio ikifika na ngoma haijapatikana, kijana atapelekwa bomani. Bomani maana yake viboko, na baada ya viboko kupelekwa Shinyanga kupandishwa gari moshi kwenda jela ya watoto huko mbali, ambako tulishaona anaenda mwizi wa kuku na kurudi mvunja maduka. Mimi hayo niliyajua, na bado nilisema acha aende.

Jioni Paskalina akaja kibandani kwangu. Alizungumza kwa kunong'ona, maana kwao kunong'ona ndiko kuzungumza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Mama Donatus. Kaa."

Hakukaa. "Mwanangwa anasema neno lako ndilo litakalokuwa zito. Kuku ni wako, shamba ni lako. Ukisamehe wewe, atasikia."

"Na ngoma? Ngoma nayo ni yangu?"

"Ninaye huyu mmoja tu. Wenzake wawili niliwaacha kwenye udongo wa Ufipa."

Nilimpa chai. Sikumwahidi kitu. Alipoondoka nikasema moyoni, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nikaona nimemaliza. Lakini usingizi haukuja upesi, kwa sababu methali ile haisemi mama afanye nini kama amekatazwa kupaza sauti nyumbani kwake mwenyewe.

Usiku wa kuamkia gulio mvua ilinyesha bila kupumzika, ikakatika kulipoanza kupambazuka. Nilikuwa nimepiga magoti nakoka moto wa chai niliposikia ngoma.

Haikutoka njiani. Ilitoka chini. Niliisikia kwanza kwa magoti, kisha kwa masikio, sauti nzito, taratibu, isiyo na haraka na mtu yeyote. Ndu. Ndu-ndu. Ndu. Halafu kimya kirefu, mpaka unadhani umeota. Halafu tena. Ndu. Ndu-ndu. Ndu. Niliacha kijinga cha moto mkononi kikazimika.

Nilitoka nje nikakuta si mimi peke yangu. Watu wa zamu waliokuwa wanarudi walikuwa wamesimama njiani wote, nguo zimejaa matope, taa bado zinawaka vichwani ingawa kulikuwa kunakucha. Hao ndio waliokuwa wakiingia tumboni mwa ardhi kila siku, na hao ndio walioogopa zaidi. Sauti ilikuwa ikitoka nyuma ya laini, kwenye shimo la zamani la watafuta dhahabu waliokuja kabla ya mgodi wetu kufunguliwa, wakachimba, wakakosa, wakaliacha wazi.

Wanakijiji nao wakaja, wakiteremka kilimani mmoja mmoja kwenye ukungu. Makoye alifika mbele, akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Ni yenyewe," alisema. "Ni ya babu."

"Masamva," mwanamke mmoja alinong'ona nyuma yangu, yaani wazee wao waliokwisha kufa. Basi neno lile likapita katika watu, na kila lilipopita watu walivua kofia. Mzee Maige alivua kofia na viatu vyote viwili, akasimama peku kwenye tope, akamtuma mtu akalete unga wa kuwatambikia wazee hao. Mvuke ulikuwa ukipanda kutoka mdomoni mwa shimo, jua likaugusa, ukawa mwekundu, na chini yake ile sauti ikaendelea. Mimi ni Mwislamu, najua wafu hawapigi ngoma. Nilisoma Fatiha hata hivyo. Kilichonishika hakikuwa woga wa kukimbia. Kilikuwa kitu cha kukufanya ujione mdogo na wakati huohuo ushukuru kuwa upo, na tangu mume wangu afe sikuwa nimewahi kuhisi hivyo.

Ndipo Donatus akatoka chumba cha mwisho. Alikuja akitembea polepole, mama yake nyuma akimvuta shati, naye hakuhisi kama anavutwa. Watu wakampisha. Akasimama ukingoni, na mara ya kwanza katika maisha yangu nikaisikia sauti yake.

"Inatuita," alisema.

Mzee Maige akamgeukia. "Inamwita nani?"

"Sisi. Kwetu. Sikilizeni." Akasubiri ngoma ipige, akaifuata kwa mdomo, silabi kwa silabi. "Pa. Ska-li. Na." Ikapiga tena, akaifuata tena, machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta. "Mimi ndiye niliyeitia humo. Inaita nyumba zote, kila asubuhi nalala naisikia, naihesabu inavyokuja, kwa fulani, kwa fulani. Ikifika kwetu inanyamaza. Nikasema basi, na inyamaze kote. Na sasa imetuita."

Niliwahi kusikia watu wakijitetea mbele ya baraza, na kila mmoja huja na uongo wake uliopigwa pasi. Haya hayakuwa hayo. Paskalina alikuwa ameliachia shati, amejishika mashavu kwa mikono miwili, akisikiliza jina lake likitoka ardhini.

"Nitashuka kuitoa," kijana akasema.

"Shimo lile halina mwisho," mtu akasema, na wengine wakamwunga mkono. Wazee wakiwa wanazungumza huendi kuwakatiza. Lakini mtu mmoja alikuwa tayari ameitoa kamba begani. Alikuwa Herman, baba yake, tope limemfunika mpaka kwenye nyusi. Alimfunga mwanawe kifuani fundo la watu wa shimoni, akalivuta kulipima, akajifunga ncha nyingine kiunoni.

"Nitaishika mimi," alisema. Hakuongeza neno, wala sijui kama siku nyingine aliwahi kumwambia mtoto yule maneno mengi kuliko hayo.

Donatus akashuka. Ngoma ilipiga, ikapiga tena, na kamba ikazidi kwenda, kisha sauti ikakatika katikati, kama mtu aliyewekewa kiganja mdomoni. Herman alikuwa amekita miguu, mishipa ya shingo imemsimama, hapepesi macho. Kamba ikavutwa mara mbili kutoka chini, naye akaanza kuivuta juu, Makoye akamsaidia, na kijana akatokeza akiwa ameikumbatia ngoma kama mtu aliyeokoa mtoto mtoni. Ngozi yake ilikuwa imelowa, inang'aa.

Hapo angeweza kunyamaza. Watu mia walikuwa tayari kuamini, na mtoto aliyeitwa na masamva ni nani angethubutu kumpeleka bomani? Mimi mwenyewe nilikuwa nasubiri anyamaze, alivyozoea. Badala yake alimtazama mzee Maige, akasema kweli.

"Ni maji, babu. Nilishuka nayo kabla ya mvua, kukiwa hakuna utelezi, nikaiweka chini ya jiwe, na sasa maji ya mvua yanadondoka kwenye ngozi. Ni maji tu."

Mnong'ono ukapita. Wapo waliocheka kwa aibu, wapo waliovaa kofia zao upesi, na aliyeleta unga akawa hajui aupeleke wapi. Mzee Maige hakuvaa viatu.

"Maji yalisema nini?" Makoye akauliza.

Donatus hakuelewa.

"Sisi wote tulisikia kishindo," Makoye akasema. "Mimi ngoma hii nimelala nayo tangu utoto, na sikusikia neno. Wewe ulisikia neno. Lipige."

Akamsogezea ngoma. Kijana akaweka kiganja juu ya ngozi iliyolowa, akakiinua, akapiga. Ndu. Ndu-ndu. Ndu. Na sasa, nawaambieni, sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Niliusikia wazi, jina la jirani yangu, mwanamke wa kunong'ona, likisemwa kwa sauti mbele ya kijiji na mgodi.

"Mdundo huu hauna mwenyewe kijijini kwetu," Makoye akamwambia mwanangwa. "Gete, kweli kabisa, nimeipitia miji yote kichwani. Hauna mwenyewe."

"Una mwenyewe," Maige akajibu. Kisha, kwa kuwa sheria ni sheria na gulio lilikuwa limefika, akanigeukia mimi. "Mwanaima. Kuku walikuwa wako na shamba ni lako. Sema."

Watu wote wakanitazama. Nilikuwa na maneno yangu niliyoyaandaa siku nyingi, maneno ya viboko, yalikuwa yamepangwa vizuri kabisa. Nikayatafuta nisiyaone. Nilimwona Herman bado kajifunga kamba kiunoni, ncha ya pili ingali kifuani mwa mwanawe, na wote wawili wamesahau kuifungua.

"Pamba yangu inazama kwenye majani," nikasema kwa ukali, maana sauti nyingine sina. "Mkimpeleka bomani, ngoma hii itabebwa na nani?"

Ikawa hivyo. Ngozi ilikaushwa taratibu, juani kwanza, kisha kando ya moto, Donatus akiilinda kama nyama inavyolindwa paka wakiwapo. Makoye alimfundisha midundo ya miji yote, akisema neno, kijana akipiga. Mambo mengi nimeyaona kwa macho haya, lakini sijaona mtoto akijifunza kitu kwa pupa vile. Ile siku ngoma ilipopona, sikulala vizuri. Nilijisemea ni kwa sababu ya pamba.

Alfajiri ikaanza kule mbali, kama zamani. Maige, ng'ombe wameamka. Njoo, mama, hulimi peke yako. Ikaja na njia, ikashuka, na mimi nimesimama mlangoni nimeshika pumzi, nikajua imefika nyuma ya laini. Pale iliponyamaza miaka yote, haikunyamaza. Pa. Ska-li. Na.

Mlango wa mwisho ukafunguka, akatoka Paskalina na jembe la kuazima. Kisha mdundo mwingine, mpya, wa chumba cha pili, na mwingine, kijana alikuwa amevitungia vyumba vyote, na milango ya laini ikawa inafunguka mmoja baada ya mwingine. Wote waliokula kuku wangu wakatoka, huyu na jembe lisilo na mpini, yule na sepetu chakavu ya mgodini, macho yamewatoka kama watu waliosomewa majina yao peponi. Watu wa zamu walikuwa wanarudi. Herman akasimama kando ya njia kuwapisha, taa yake ikiwaka kichwani. Kelele ile ingeamsha hata waliolala chini ya ardhi. Nilimwangalia mdomo wake. Hakusema nyamaza. Alivua kofia yenye taa, akaishika mkononi, mpaka ngoma ikapita.

Ndipo ikakata kona kuja upande wangu. Nikajiambia itapita kimya, mwishoni mwa laini pana kibanda tu cha mgeni muuza chai, na tena mimi sijali. Donatus alikuwa mbele, ngoma imening'inia shingoni, hanitazami, anatazama viganja vyake. Na ngoma ikasema, polepole, ili hata mtu wa Tabora aelewe: Mwanaima, toka, kuku wako hawataliwa tena.

Kikosi kizima kikacheka, na kikasimama kunisubiri. Nikageuka ndani kwa haraka kutafuta jembe langu, nikapekua mvunguni, nyuma ya mlango, kwenye kuni, macho yamejaa maji, silioni. Makoye ndiye aliyeniambia, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba nimelishika.